Nijiunge na chama cha wafanyabiashara wa kanda, au nibaki na ada yangu?

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nina karakana ya samani. Tunatengeneza madawati, meza na makabati, na wateja wetu wakubwa ni shule na ofisi za umma. Kazi ipo, namshukuru Mungu, na mafundi wangu ni watu wa kuaminika. Kinachonitesa ni mambo yaliyo nje ya karakana.

La kwanza ni malipo. Nikipeleka mzigo, unapokelewa kwa tabasamu na hati ya kupokelea inasainiwa palepale. Baada ya hapo naanza kupiga simu. Mhasibu ananiambia ankara iko kwa bosi, bosi yuko safari, akirudi mfumo uko chini. Mafundi hawawezi kungoja kama mimi ninavyongojeshwa, kwa hiyo nakopa ili niwalipe, na riba inakula faida yote ya ile kazi.

La pili lilinitokea si muda mrefu uliopita. Tulinunua mbao upande wa pili wa mpaka wa mkoa, tukachukua kibali halali cha huko. Dereva akasimamishwa kizuizini. Mkaguzi akakisoma kile kibali, akakigeuza nyuma, akasema huku kinatakiwa kingine chenye muhuri wa mamlaka ya upande huu. Ilikuwa Ijumaa alasiri na ofisi inayogonga huo muhuri ilikuwa imeshafungwa. Lori likalala pale hadi Jumatatu, mvua ikazinyeshea mbao zilizokwisha kukaushwa, na mwenye lori akanidai fidia ya siku zote za kusubiri. Nilipokwenda kulalamika, nikaambiwa kanuni hiyo ina muda tangu itangazwe, na kwamba wadau walitoa maoni kabla haijapita. Wadau gani, Mama? Mimi sikuitwa, na kila mwenye karakana ninayemjua hakuitwa.

Sasa amenijia afisa wa chama kinachowaunganisha wafanyabiashara wa kanda yetu nzima, mikoa kadhaa inayopakana. Si chama cha kuweka na kukopa. Kazi yao, alivyonieleza, ni kutetea maslahi ya wafanyabiashara mbele ya serikali: kanuni, tozo, vibali, barabara, mambo kama hayo. Kuna kiingilio na ada ya kila mwaka. Kwa biashara ya ukubwa wangu si hela ya kuchezea.

Kaka yangu, ambaye tunashirikiana kuendesha karakana, hataki kabisa kusikia. Anasema hicho ni kijiwe cha matajiri, sisi wadogo tutachangia chai yao na kupigiwa picha. Jirani yangu mwenye karakana ya vyuma anasema nisihangaike, kwa sababu wakifanikiwa kuondoa tozo, itaondoka kwa wote, waliolipa ada na wasiolipa. Na mimi mwenyewe nina hofu nyingine ambayo sijamwambia mtu: nikionekana kwenye chama kinachoilalamikia serikali, si ndiyo ankara zangu zitazidi kulala?

Nisaidie. Nijiunge au niache?

Binti wa Karakana

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa zile mbao. Mbao iliyokaushwa ikanyeshewa ni hasara ambayo huwezi hata kumwandikia mtu ankara.

Jibu langu ni ndiyo, jiunge. Lakini kikague chama kwanza kama unavyokagua mbao kabla ya kulipa: igeuze, tazama nyuma, tafuta nyufa. Nitakuambia pa kutazama. Kabla ya hapo nataka nishughulike na lile swali lako la "wadau gani?", kwa sababu humo ndimo lilimo jibu lote.

Kanuni haishuki kutoka mbinguni. Kuna afisa ameketi mezani ameagizwa aandike rasimu. Akiimaliza, utaratibu unamtaka, au angalau mazoea yanamtaka, aipitishe kwa wanaohusika ili watoe maoni ndani ya muda fulani. Jiweke kwenye kiti chake. Hawezi kupiga simu karakana moja baada ya nyingine. Hana orodha yenu, hana muda, wala hajui nani anasemea nani. Anachofanya ni kufungua daftari lake la anwani na kupeleka rasimu kwa vyama anavyovijua. Siku za maoni zikiisha, anaandika kwenye taarifa yake kwamba wadau walishirikishwa, na kwa upande wake amesema kweli. Wewe hukuitwa kwa sababu hukuwa kwenye daftari lolote. Hakuna aliyekaa akaamua kukudharau.

Hiyo ndiyo faida kubwa ya chama cha utetezi, na kwangu mimi inazidi zote zilizoandikwa kwenye vipeperushi vyao. Unajua jambo likiwa bado rasimu. Wakati huo kubadilisha sentensi moja ni kazi ya kalamu. Ikishasainiwa, sentensi ileile inahitaji marekebisho ya kanuni, vikao, kibali cha wanasheria, na mkubwa aliye tayari kukiri kwamba ofisi yake ilikosea. Watu wengi wanavikumbuka vyama wakati huo, mambo yakiwa yameshaharibika, kisha wanasema vyama havina meno.

Na usidhani kusikilizwa mapema ni hisani. Mkataba wa Kuwezesha Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika Februari 2017, unazitaka nchi zilizouridhia ziwape wafanyabiashara na wadau wengine nafasi na muda wa kutoa maoni juu ya sheria mpya zinazohusu usafirishaji na utoaji wa bidhaa mipakani, kadiri inavyowezekana. Pia unazitaka mamlaka za mpakani zikutane na wafanyabiashara kwa mashauriano ya mara kwa mara. Mkataba huo unahusu mipaka ya nchi, si vizuizi vya ndani kama kile kilicholaza lori lako, lakini kanuni iliyomo ni hiyohiyo: anayebanwa na sheria asikike kabla haijaanza kumbana. Sasa haki ya kusikika bila mtu wa kuitumia inabaki kwenye karatasi. Anayekwenda kwenye hayo mashauriano, anayesoma rasimu ya kurasa themanini usiku na kurudi asubuhi na maoni yaliyopangika, mara nyingi ni mtumishi wa chama ambaye ndiyo kazi anayolipwa kuifanya. Wewe usiku huo unahesabu misumari.

Nije kwenye malipo yaliyochelewa, maana hapo ndipo ninapoona chama kinaweza kukufaa kwa namna ambayo peke yako huwezi.

Ukienda peke yako kwa mkuu wa ofisi ukasema "hamjanilipa", wewe ni mtu mmoja mwenye shida moja. Atakuonea huruma au hatakuonea, basi. Chama kikienda na jedwali la wauzaji wengi, kila mmoja na tarehe tatu tu, yaani siku mzigo ulipopokelewa, siku ankara ilipofika na siku malipo yalipotoka, mazungumzo yanageuka. Hapo hakuna wa kusema fulani ana haraka. Kinachoonekana ni kwamba ofisi fulani zinalipa kwa wakati na nyingine hazilipi, na kwamba ankara hukwama hatua ileile kila mara. Tatizo likishakuwa na mahali linapokaa, linaweza kurekebishwa.

Mfano ninaoupenda unatoka Italia. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2011 agizo linalozitaka taasisi za umma kuwalipa wauzaji wao ndani ya siku 30, na katika hali maalumu zisizidi 60, na anayecheleweshwa ana haki ya riba. Sheria nzuri kabisa. Nchini Italia taasisi za umma ziliendelea kuchelewa. Wafanyabiashara na vyama vyao wakapeleka malalamiko kwenye Kamisheni ya Ulaya, Kamisheni ikaishtaki Italia, na Januari 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba nchi hiyo ilikiuka wajibu wake kwa kutohakikisha taasisi zake zinalipa ndani ya muda. Nimekupa kisa hiki kwa sababu kinaonyesha pande zote mbili. Sauti ya pamoja ilifika mahali ambapo fundi mmoja mwenye ankara moja asingefika. Na kupata sheria hakukumaliza kazi, kwa sababu lazima awepo mtu wa kuendelea kuhesabu siku baada ya sheria kupita. Tangu agizo hadi hukumu ilikuwa miaka tisa. Chama kinachokuahidi mambo yatanyooka ndani ya miezi mitatu kinakudanganya.

Ile hofu yako ya siri nayo naichukulia kwa uzito, na umefanya vizuri kuisema. Msambazaji anayelalamika dhidi ya mteja wake anahatarisha zabuni ijayo. Hilo linajulikana popote biashara inapofanyika. Lakini tazama: katika hali yako ya sasa, wewe ndiye unayepiga simu, jina lako ndilo linaloonekana kila wiki kwenye simu ya mhasibu. Chama kikifanya kazi yake sawasawa, kinakusanya taarifa zenu, kinaondoa majina, kinapeleka kama hali ya wanachama wake. Anayezungumza ni mwenyekiti au mkurugenzi, mtu asiye na ankara kwenye ile ofisi. Hilo liulize wazi kabla ya kujiunga: taarifa zetu mnazitunzaje, nani anaziona, na je, mtataja jina langu bila ridhaa yangu? Wakikujibu kwa kubabaika, rudi nyumbani na ada yako.

Kuhusu lori kizuizini, hapo ndipo neno "kanda" linapopata maana. Chama cha mjini kwako kingekusaidia kuzungumza na mamlaka ya mjini kwako. Lakini kibali chako hakikukataliwa kwa sababu mamlaka moja ilikosea. Kila upande ulikuwa sahihi ndani ya mipaka yake, na wewe ukaangukia katikati, mahali ambapo hapana mwenyewe. Upande huu hauwezi kuuamuru ule. Anayeweza kukaa na pande zote mbili meza moja ni yule mwenye wanachama pande zote mbili.

Afrika Mashariki imelielewa hili siku nyingi. Baraza la Biashara la Afrika Mashariki, lenye makao yake Arusha, liliundwa mwaka 1997, wakati Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ulisainiwa Novemba 1999. Yaani wafanyabiashara walikuwa wameshajipanga kikanda kabla Jumuiya yenyewe haijafufuka rasmi, na Baraza hilo lina hadhi ya mtazamaji katika vikao vya Jumuiya. Mambo kama viwango visivyotambuana, karatasi zinazodaiwa mara mbili na vizuizi vya barabarani hayawezi kutatuliwa na upande mmoja.

Ila ukipeleka suala la kibali kwenye chama, lipeleke likiwa na umbo. "Tunasumbuliwa barabarani" ni kilio, na afisa hawezi kukisaini. Ombi ni hili: kibali kilichotolewa upande mmoja kitambuliwe upande wa pili kwa muda wa safari, na pale panapohitajika muhuri wa ziada, pawe na afisa wa zamu Jumamosi na Jumapili. Hilo mtu anaweza kulikubali, kulikataa, au kulipunguza. Vyama vizuri vinawafundisha wanachama wake kuomba hivyo, na mimi ningelipa ada kwa ajili ya somo hilo peke yake.

Sasa jirani yako wa vyuma. Hesabu yake ni sahihi, na nisingependa umbeze. Mchumi wa Marekani, Mancur Olson, alilieleza jambo hili kwa kina mwaka 1965: faida inapowafikia wote, kila mmoja anashawishika kuwaachia wengine gharama, na kundi kubwa la watu wadogo hushindwa kujipanga, huku kundi dogo la wakubwa likijipanga bila shida. Ndiyo sababu utakuta viwanda vikubwa vichache vina sauti nzito kuliko mafundi mamia. Ujerumani walilikata fundo hilo kwa sheria: makampuni huwa wanachama wa chemba ya biashara na viwanda ya eneo lao kwa lazima, watake wasitake. Kwingi uanachama ni wa hiari, kwa hiyo jirani yako ataendelea kufaidi bure, na huna la kumfanya.

Lakini kuna jambo amelisahau. Chama hakina nguvu ya kupigania kila kitu. Kila mwaka kinachagua mambo machache, labda matatu, labda manne, na wanaochagua ni waliomo. Kama ndani mmejaa wenye mahoteli na wasafirishaji, ajenda itakuwa leseni za hoteli na uzito wa malori. Kibali cha mbao hakitajadiliwa, si kwa ubaya, ila hakuna aliyekaa pale anayekijua. Jirani yako atafaidi ushindi wa wengine, ni kweli, lakini utakuwa ushindi wa mambo ya wengine. Tozo ya vyuma vyake itabaki palepale.

Watakuambia pia kuna mafunzo, maonyesho, punguzo la bima, ushauri wa kisheria na kujuana na watu. Hayo ni mema, na kujuana hasa kunasaidia. Mwenye karakana ukanda wa pili anaweza kukuuzia mbao au kushirikiana nawe kwenye zabuni iliyowazidi wote wawili. Yatumie. Lakini usijiunge kwa ajili yake tu. Kama unachotaka ni mafunzo, pengine utayapata kwingine kwa bei ndogo.

Nimebakiza kaka yako, na nimemweka mwisho kwa sababu hoja yake ndiyo nzito kuliko zote. Vipo vyama vilivyotekwa na wakubwa. Kampuni inayolipa ada mara nyingi ya yako hutarajia kusikilizwa mara nyingi zaidi yako, na wakati mwingine maslahi yake na yako yanagongana waziwazi. Anayekuchelewesha malipo anaweza kuwa kampuni kubwa iliyoketi kwenye kamati tendaji ya chama hichohicho. Kanuni ngumu ya vibali inayokuumiza wewe inaweza kumpendeza mkubwa, kwa sababu yeye ana ofisi nzima ya kushughulikia karatasi na inampunguzia washindani. Mwenye kusema haya hana husuda. Anaona.

Uingereza mwaka 1974 watu waliojiajiri wenyewe, wakiwa wamekasirishwa na michango mipya ya bima ya taifa waliyotwishwa, walianzisha chombo chao, kile ambacho leo kinaitwa Federation of Small Businesses. Kwa hiyo mdogo akiona chama kilichopo hakimsemei, njia ya kuanzisha kingine ipo. Ni ndefu na inachosha, ndiyo maana nakushauri kwanza ukipime hiki kilichokuja mlangoni.

Kukipima, anza na katiba yao. Waombe nakala, na kifungu cha kura kisome kwa makini: je, mwanachama mmoja ana kura moja, au kura zinafuata ukubwa wa ada? Kamati tendaji ina viti vilivyotengwa kwa biashara ndogo? Mwenyekiti anakaa muda gani, na uchaguzi wa mwisho ulifanyika lini? Chama ambacho uongozi wake haujabadilika kwa miaka mingi kiogope, hata kama viongozi wenyewe ni watu wema.

Kisha omba jambo ambalo wachache huliomba: maoni ya maandishi waliyopeleka serikalini hivi karibuni. Usiridhike na picha za chakula cha jioni na mawaziri. Unataka kuona waliomba nini, walijibiwa nini, na nini kilibadilika. Wakikuonyesha waraka walioshindwa na kukueleza kwa nini walishindwa, hilo kwangu ni jambo la kutia moyo kuliko orodha ya mafanikio yasiyo na karatasi. Tazama na hesabu zilizokaguliwa: fedha zinatoka kwa wanachama au kwa mfadhili mmoja? Ufadhili si dhambi, ila mradi ukiisha na ofisi ikafungwa, ada yako itakuwa imefungiwa ndani.

Kuhusu ada, uliza kama inalipika kwa awamu na kama kuna daraja la biashara ndogo. Vyama vingi hupanga ada kwa ukubwa wa mauzo au idadi ya wafanyakazi. Muulize mhasibu wako pia ada hiyo inahesabiwaje kwenye kodi, maana sheria hutofautiana. Marekani, kwa mfano, tangu mageuzi ya mwaka 1993 sehemu ya ada inayotumika kushawishi utungaji wa sheria haikatwi kwenye mapato yanayotozwa kodi.

Na kuna mstari mwekundu. Mkikutana wenye karakana kwenye kikao cha chama, mtu akaanza kusema "jamani, tukubaliane bei ya dawati isishuke chini ya hapa", simama utoke, na uhakikishe kumbukumbu za kikao zinaonyesha ulitoka. Kupanga bei ni kosa chini ya sheria za ushindani za nchi nyingi, na kuwa ndani ya chama si kinga. Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010 ina kifungu kinachovihusu vyama vya biashara moja kwa moja: kinavizuia kutoa mapendekezo ya bei kwa wanachama, na pia kumfungia mtu nje ya chama bila sababu ya haki. Kuitetea biashara mbele ya serikali ni halali na ni haki yenu. Kuwabana wateja wenu kwa makubaliano ya siri ni jambo jingine kabisa.

Usingoje chama kikudaie madeni, mwanangu. Hiyo si kazi yake na hakitaiweza. Ankara za sasa endelea kuzifuata mwenyewe, na kila mzigo unaotoka hakikisha hati ya kupokelea ina jina, cheo, saini na tarehe, si saini peke yake. Saini isiyo na jina inapotea siku aliyepokea akihamishwa. Uliza pia, kabla ya kukubali kazi, fungu la fedha limetengwa kwenye bajeti ya mwaka huu au la, kwa sababu ankara nyingi hulala si kwa ubaya wa mhasibu bali kwa kuwa samani ziliagizwa kabla hela hazijafika.

Ninachokushauri ufanye wiki hii ni hiki. Mpigie yule afisa, umwambie unataka kuhudhuria kikao kimoja kama mgeni kabla ya kulipa chochote. Chama kinachojiamini hakitakataa. Nenda na kaka yako, tena yeye hasa ndiye aende, kwa sababu mwenye mashaka huona vitu ambavyo mwenye hamu havioni. Kaeni mtazame: wanaozungumza ni wale watatu wa mbele tu? Mdogo akinyanyua mkono anajibiwa au anashukuriwa na kupitwa? Waliposema mara ya mwisho "tutalifuatilia", wamerudi na taarifa?

Na uende na karatasi moja. Upande wa mbele andika mizigo yako ya mwaka uliopita na zile tarehe tatu kwa kila mmoja, bila jina la ofisi. Upande wa nyuma andika kisa cha lori: kibali gani, kizuizi gani, saa ngapi, siku ngapi, mbao ngapi ziliharibika, na ombi lako kwa sentensi mbili. Mpe katibu mkononi, umuulize kitu kama hiki kitapitia kamati gani na utapata jibu lini. Akikupa jina la kamati na tarehe, lipa ada. Akikuambia "tutaona", mpe mwezi mmoja, kisha umpigie. Atakachokujibu siku hiyo kitakuambia kama kaka yako alikuwa sahihi.

Mama Mshauri